Muuzaji mpya amekwama: dalili, sababu na jinsi ya kumkwamua

Kazi yangu ni kupokea wauzaji wapya kwenye soko la mtandaoni na kukaa nao mpaka pesa ya oda ya kwanza iwafikie. Malalamiko ninayopata yanajirudia kila wiki: msimbo hauji, kitambulisho kimekataliwa, bidhaa haionekani, pesa haijaingia. Wengi huanza kwa kusema mfumo ni mbovu, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi taarifa moja imeandikwa kwa namna mbili katika sehemu mbili, na kompyuta haiwezi kukisia kwamba ni kitu kile kile.

Tafuta dalili yako hapa chini, kisha fuata sababu kwa mpangilio wake. Zinazotokea sana ziko juu, za nadra ziko chini. Usirukie ya chini kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu. Muuzaji aliyekosea tarakimu moja ya simu hatasaidiwa na fundi wa mitandao.

Mambo mawili kabla hujagusa chochote. Ukikataliwa, usitume tena kabla hujausoma ujumbe wa kukataliwa mpaka mwisho, kwa sababu faili lile lile likirudi hukataliwa vile vile, na masoko mengi yana kikomo cha majaribio. La pili nalisisitiza kuliko yote: usifungue akaunti ya pili ili kuikwepa ya kwanza iliyokwama. Mfumo unalinganisha namba ya simu, akaunti ya benki, kitambulisho, hata kifaa unachotumia. Akaunti mbili za mtu mmoja zinafanana na utapeli, na nimeona watu waliokuwa wamebakiza hati moja tu wakifungiwa zote mbili.

Msimbo wa uthibitisho hauji, au unakuja na kukataliwa

Anza na namba yenyewe. Namba ya kimataifa ni alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu aliyezoea kuanza na sifuri huiacha katikati, na ujumbe unatumwa kwa namba ambayo haipo. Ukiacha alama ya kujumlisha, namba nzima haizidi tarakimu 15.

Namba ikiwa sahihi, muulize ameomba msimbo mara ngapi. Kila ombi jipya kwa kawaida hufuta msimbo uliotangulia, na jumbe hazifiki lazima kwa mpangilio zilivyotumwa. Ameomba mara nne, umemfikia wa pili, ameuingiza, umekataliwa, anaomba wa tano. Hapo anaweza kuzunguka siku nzima. Aiache simu robo saa, aombe mara moja tu, asubiri.

Bado kimya? Kagua kama simu ina laini mbili na ile iliyosajiliwa imezimwa, kama jumbe za namba fupi zimezuiwa, na kama folda ya jumbe zisizotakiwa imeumeza. Ikiwa msimbo unakuja kwa barua pepe, tazama kwenye barua taka, halafu soma tena anwani aliyoiandika herufi kwa herufi.

Kuna pia misimbo inayotolewa na programu ndani ya simu, isiyohitaji mtandao wa simu kabisa. Hii kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 na hukokotolewa kutokana na saa ya simu. Saa iliyorekebishwa kwa mkono na ikawa nyuma dakika tano itatoa msimbo usiokubalika kila mara, hata ukiuandika bila kosa. Washa mpangilio wa saa ya kujirekebisha yenyewe, kisha jaribu.

Simama hapa ukiona hili: laini ya simu imepoteza mtandao ghafla wakati wengine walio karibu nawe wanaupata, au kuna mtu amepiga akiomba umsomee msimbo. Huenda namba yako imehamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine. Piga kwa kampuni ya simu na kwa benki yako saa hiyo hiyo kwa kutumia simu nyingine. Hakuna mfanyakazi halali wa soko lolote anayehitaji kusomewa msimbo wako.

Kitambulisho au hati zimekataliwa

Hapa ndipo wauzaji wengi hukata tamaa, kwa hiyo tukae kidogo.

Sababu ya kwanza ni picha. Mtu amekishika kitambulisho hewani, kidole gumba kimefunika pembe, na taa ya juu imeacha duara jeupe juu ya tarehe ya kuzaliwa. Yeye anaisoma kwa sababu anaijua. Mashine haiijui. Laza kitambulisho juu ya kitambaa cheusi kisicho na maua, kando ya dirisha, mchana. Zima mwanga wa kamera. Simama ili kivuli chako kisiangukie kadi, na pembe zote nne zionekane zikiwa na ukingo wa kitambaa kuzizunguka. Kabla ya kutuma, kuza picha na usome mstari ulio mdogo kuliko yote. Kama wewe huwezi kuusoma, wasijaribiwe wengine. Kagua pia aina ya faili: baadhi ya simu huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao kurasa nyingi za kupakia haziupokei. Ibadilishe iwe JPEG.

Ya pili ni tarehe. Kitambulisho kimeisha muda, au bili ya kuthibitisha anwani ni ya zamani. Masoko mengi hutaka bili isiyozidi miezi mitatu.

Ya tatu ni jina, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote kwa sababu muuzaji hana kosa analoliona. Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili na herufi ya kati, fomu imejazwa jina analoitwa mtaani. Kwake ni mtu mmoja. Kwa mfumo ni watu watatu. Niliwahi kukaa na muuzaji ambaye jina lake lina ng' yenye ritifaa. Tulilinganisha cheti na fomu mara tatu, hatukuona tofauti hata moja. Mwishowe nikagundua kwamba kibodi ya simu yake ilikuwa inaandika ritifaa iliyopinda, wakati kwenye rejesta imesajiliwa iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa. Tulilinakili jina kutoka kwenye hati ya kidijitali badala ya kuliandika, likapita. Kwa hiyo chagua hati moja iwe mama wa nyingine zote, kwa kawaida kitambulisho kwa mtu binafsi au cheti cha usajili kwa kampuni, halafu ufuate hiyo hiyo kila mahali: mpangilio wa majina, nafasi, nukta, vifupisho.

Kuna jambo dogo ndani ya hilo. Nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa jina baada ya kunakili nayo huhesabika. Weka kishale mwisho wa jina, ufute mpaka kiguse herufi ya mwisho.

Ya nne ni aina ya biashara. Mtu anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe huchagua "kampuni" kwa kuwa inasikika vizuri, kisha anaombwa cheti cha kampuni ambacho hana. Sehemu nyingi aina ya biashara haibadiliki baada ya kutumwa, kwa hiyo waandikie huduma kwa wateja waifungue. Usipakie hati nyingine yoyote kujaza pengo.

Ya tano, hati imeguswa. Amepunguza ukubwa wa faili kwa programu ya kuhariri, ameunganisha kurasa, au amefunika namba asizotaka zionekane. Faili hubeba alama za programu iliyolihariri, na mhakiki akiziona hawezi kujua ulichobadilisha ni nini. Rudi kwenye faili la awali kama lilivyotoka benki au ofisi ya usajili.

Ya mwisho huhusu kampuni zenye wamiliki kadhaa. Kikomo kinachotumika sana ni asilimia 25: kila anayemiliki kiasi hicho au zaidi atatakiwa kujitambulisha, hata kama hashughuliki na duka. Mmoja akisahauliwa, maombi yote husimama.

Wauzaji huniuliza kwa nini wanaombwa yote haya kama wanaomba mkopo. Jibu la kweli ni kwamba sheria zimekaza. Katika Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, inayataka masoko ya mtandaoni yamjue muuzaji kabla ya kumruhusu kuuza: jina, anwani, simu, barua pepe, kitambulisho, akaunti ya malipo na usajili wa biashara kama upo. Marekani nayo, tangu tarehe 27 Juni 2023, inayataka masoko yakusanye na kuhakiki taarifa za wauzaji wakubwa wa bidhaa mpya. Anayekuomba hati hizo hakushuku wewe binafsi.

Simama ikiwa jina kwenye hati za serikali lenyewe lina makosa, au kampuni imebadilisha wamiliki na rejesta haijasasishwa. Soko haliwezi kurekebisha hilo, na kujaribu kulizunguka kwa barua ya maelezo kunapoteza wiki. Nenda ofisi ya usajili, au mtumie mwanasheria au mhasibu anayeshughulika na usajili wa kampuni.

Akaunti inasema "inahakikiwa" na siku zinapita

Mara nyingi kuna swali limetumwa na halijajibiwa, liko kwenye barua taka au kwenye sehemu ya ujumbe ndani ya akaunti. Angalia huko kwanza. La pili: umebadilisha taarifa wakati uhakiki unaendelea, na foleni imeanza upya. Ukishatuma, tulia. Nadra zaidi ni kwamba mtu wa nyumbani kwako aliwahi kuwa na akaunti iliyofungwa, na mnatumia anwani au benki moja. Lieleze hilo mwenyewe, mapema na kwa ukweli, kabla hujaulizwa.

Faili la bidhaa linakataliwa, au linaingia likiwa limeharibika

Muuzaji ana bidhaa mia tatu, anazijaza kwenye jedwali, anapakia, na mistari mia mbili inarudi na alama nyekundu. Kabla ya kulaumu chochote, tazama safu ya misimbopau, yaani zile namba zilizo chini ya mistari myeusi nyuma ya pakiti.

Excel ikikutana na 1234567890128 huiona ni hesabu kubwa na kuionyesha 1.23457E+12. Ukihifadhi faili kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa ni hicho kinachoonekana, na tarakimu zilizofichwa zimepotea moja kwa moja. Kupanua safu baadaye hakuzirudishi. Utapata sifuri tupu nyuma. Namba inayoanza na sifuri nayo hunyang'anywa sifuri yake. Ipange safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika namba, na faili la CSV usilifungue kwa kubofya mara mbili, bali liingize kupitia menyu ya data ukitaja kwamba safu hiyo ni maandishi. Kama tarakimu zimeshapotea, rudi kwenye faili la asili au uskani upya.

Ugonjwa huo huo hugeuza saizi ya nguo "3-5" kuwa tarehe. Si wauzaji tu wanaoteseka: mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilichapisha kanuni mpya zilizobadilisha majina kadhaa, MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa kuwa majedwali yalikuwa yakiyageuza kuwa tarehe. Wanasayansi wakiwa wamelazimika kubadilisha majina ya jeni, muuzaji asijione mjinga.

Msimbopau ukiwa mzima na bado unakataliwa, ihakiki tarakimu ya mwisho, ambayo kazi yake ni kuzichunga nyingine. Katika namba ya tarakimu 13, chukua 12 za kwanza. Jumlisha zile za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Jumlisha za nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea, kisha zidisha kwa 3. Unganisha jumla hizo mbili, na utafute kinachopungua kufika kumi inayofuata. Kwa 123456789012 tunapata 26, na 22 mara 3 ni 66. Jumla 92, kinachopungua kufika 100 ni 8. Ndiyo maana namba kamili inaishia na 8. Isipolingana, kuna tarakimu iliyokosewa.

Kisha tazama mwanzo wa namba. Namba za tarakimu 13 zinazoanza na 2 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka, kwa mfano bidhaa za kupimwa kwenye mizani. Hazitambuliki nje ya duka hilo. Namba halali za kimataifa hutolewa kupitia GS1, shirika la kimataifa linalosimamia misimbopau. Namba za bei chee zinazouzwa na watu wa kati huwa zimesajiliwa kwa kampuni nyingine, na masoko makubwa huzilinganisha na rejesta. Ikiwa bidhaa umeitengeneza mwenyewe, uliza kwanza kama soko linatoa ruhusa ya kuuza bila msimbopau. Mengi hutoa.

Sababu zilizobaki nazitaja haraka. Faili halijahifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, herufi zenye alama zikawa takataka. Safu zimetenganishwa kwa nukta mkato wakati soko linataka mkato. Jina la kundi la bidhaa limeandikwa kwa kukisia badala ya kuchaguliwa kwenye orodha. Na bei: kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya nchi moja hutumia mkato pale nyingine inapotumia nukta, hivyo 1,500 inaweza kusomwa kama moja na nusu. Pakia bidhaa mbili tu kwanza, uzione zilivyotokea, ndipo upakie mia tatu.

Simama ukiombwa cheti cha usalama ambacho huna. Betri za lithiamu, na chaja za mkononi zenye betri hizo, huhitaji ripoti ya majaribio ya UN 38.3, yaani vipimo vya Umoja wa Mataifa vya usalama wa betri hizo, kabla ya kusafirishwa. Ripoti hutoka kwa mtengenezaji. Asipokuwa nayo, mzigo huo usiuze. Vipodozi, dawa na vifaa vya watoto navyo vina masharti yake. Muulize mtaalamu wa viwango, usiulize kundi la wauzaji wenzako.

Bidhaa imeingia lakini wanunuzi hawaioni

Idadi stoo ni sifuri. Hilo ndilo la kwanza, mara nyingi kwa kuwa safu ya idadi iliachwa tupu. Linalofuata ni usafirishaji: bidhaa haijafungwa kwenye mpango wowote wa kutuma mzigo, kwa hiyo mfumo hauna mahali unapoweza kumwahidi mnunuzi kuifikisha, na unaificha. Wauzaji wengi hawajui kwamba anwani ya anayetafuta inachuja anachokiona.

Kisha kagua kama bidhaa bado ni rasimu, kama duka liko kwenye hali ya likizo, na kama kundi hilo linahitaji kibali. Halafu picha. Amazon, kwa mfano, inataka picha kuu iwe na mandhari meupe kabisa na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Shuka jeupe lililopigwa picha jioni hutoka kijivu. Mwisho kabisa, subiri. Orodha ya utafutaji huchukua muda kujisasisha, na bidhaa iliyopakiwa asubuhi inaweza kuonekana jioni. Tafuta kwa namba ya bidhaa kwanza. Ikipatikana hivyo, basi ipo, na kazi iliyobaki ni kuboresha jina na maelezo.

Ikiwa imetoweka baada ya kuonekana, na kuna taarifa ya mwenye chapa kudai haki zake, usiirudishe. Tafuta ankara za ulikoinunua na umwone mwanasheria kabla ya kujibu. Jibu la hasira lililoandikwa usiku hubaki kwenye kumbukumbu za akaunti.

Ameuza, pesa haijaingia

Soma kalenda ya malipo kabla ya lolote. Masoko mengi humshikia muuzaji mpya pesa mpaka mzigo uthibitishwe kufika na siku kadhaa za kurudisha zipite. Kama msafirishaji hakubofya "umefika", saa haijaanza kuhesabu.

Ikiwa muda umepita, tazama jina la mwenye akaunti ya benki, kwa yale niliyoyasema kuhusu majina. Akaunti ya mke, ya kaka au ya mfanyakazi itarudisha malipo, hata kama wote mmekubaliana. Kisha namba. IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki, haizidi herufi na tarakimu 34, na tarakimu mbili baada ya msimbo wa nchi zipo kukamata makosa ya kuandika, kwa hiyo ikikataliwa papo hapo umeandika vibaya. Msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yenyewe, una herufi na tarakimu 8 au 11. Ukihesabu 9 au 10, kuna kosa. Nadra zaidi: akaunti haipokei fedha za nje, au imelala kwa kutotumika.

Usibadilishe taarifa za benki wakati malipo yako njiani. Badiliko hilo huamsha uhakiki mpya na pesa hushikwa tena.

Soko likisema limelipa na benki ikisema haijapokea, acha kubahatisha. Omba namba ya kumbukumbu ya muamala, ipeleke benki, waitafute wao. Na ikiwa kiasi kilichoingia ni pungufu kwa sababu ya kodi iliyokatwa, hiyo ni kazi ya mhasibu.

Oda zinaingia, muuzaji hazioni

Simu iko kwenye hali ya kuokoa chaji na imeizima programu ya duka nyuma ya pazia, au arifa zilikataliwa siku ya kwanza. Fungua mipangilio, uruhusu vyote viwili. Wakati mwingine barua za oda zinakwenda kwa anwani ya kijana aliyemsaidia kujisajili, ambaye hayupo tena. Badilisha anwani hiyo na nenosiri kwa pamoja.

Kwa waliounganisha duka na mfumo wao wa stoo, soma namba ya kosa. 401 maana yake ufunguo, yaani msimbo wa siri unaoruhusu mifumo miwili kuwasiliana, haukubaliki, na mara nyingi ni ufunguo wa majaribio uliowekwa mahali pa ule wa kazi. 403, ufunguo unatambulika ila haujapewa ruhusa hiyo. 429, mnauliza mara nyingi mno kwa dakika. Zaidi ya hapo mwite aliyetengeneza muunganisho, na mpaka afike sasisha stoo kwa mkono, usije ukauza usichokuwa nacho.

Kujaribu kama arifa zimetengemaa, usijinunulie bidhaa kutoka duka lako mwenyewe wala usimtume ndugu. Masoko mengi huhesabu hilo kama kupandisha mauzo kwa hila. Waombe huduma kwa wateja wakutumie oda ya majaribio, na uwe umeishika simu mkononi inapoingia.